Miche yetu ya mikoko imekufa: tupande tena?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha pwani, wilaya ya Mkinga, Tanga. Mwaka jana tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, watoto wa darasa la tano na la sita walipanda miche 2,000 ya mikoko kwenye tope lililo mbele ya kijiji. Viongozi walikuja, fulana ziligawiwa, picha zikapigwa. Miezi saba baadaye tumehesabu miche 31. Kuna mfadhili aliye tayari kuleta mingine, lakini watoto hawataki tena kwenda, na mzee mmoja mvuvi amesema mbele yao kwamba mikoko haipandwi, hujipanda. Je, tupande tena? Na kuhusu mabadiliko ya tabianchi, sasa niwaambie nini watoto hawa?

JIBU: Mwalimu, msipande. Angalau si mwaka huu, na si pale. Na mzee huyo mfikishie shikamoo yangu, maana amesema kwa maneno matatu jambo ambalo sisi wa misitu ya mikoko tumelijua kwa gharama kubwa sana.

Nianze na siku yenyewe, kwa sababu nimesimama kwenye sherehe nyingi za namna hiyo na zote zinafanana. Mgeni rasmi anafika saa nne asubuhi. Sasa, pwani yetu hii kuanzia Mombasa mpaka Tanga, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu na bahari ikijaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji hupwa karibu na saa hiyohiyo, saa nne. Bahari imekwenda mbali, tope liko wazi, limetandaa tambarare kama uwanja wa mpira, na halina mwenyewe. Kila mtu analiona na kusema: hapa ndipo pa kupanda. Lakini rudini palepale saa kumi jioni. Tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kwetu hupita mita 3. Ule mche uliofika kiunoni mwa mtoto sasa uko chini ya maji marefu kuliko mwalimu mkuu, na utakaa hivyo saa nyingi, mara mbili kwa siku, kila siku ya maisha yake.

Mkoko unapenda maji ya bahari, lakini wenyewe si samaki. Mizizi yake inahitaji kupumua hewa maji yakitoka. Mtafiti mmoja wa Marekani, Robin Lewis, aliyetumia maisha yake kufufua misitu hii, alionyesha kwamba mikoko hustawi pale ambapo ardhi hufunikwa na maji kwa muda usiozidi kama theluthi moja ya wakati wote. Tope lililo wazi mbele ya kijiji mara nyingi liko wazi kwa sababu hiyohiyo: ni chini mno. Lingekuwa linafaa, mikoko ingekuwa imeshajiotea zamani, maana mbegu zake hupita hapo kwa maelfu kila msimu zikielea. Hilo ndilo alilosema mzee.

Hamko peke yenu katika kosa hili. Ufilipino walipanda kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ukaonyesha kuwa iliyobaki hai kwa ujumla ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ilikuwa kupanda aina moja ya mkoko kwenye matope ya chini, wakati mahali pake halisi, pale ulipokuwa msitu, palishageuzwa mabwawa ya kufugia samaki na kamba. Mabwawa yana wenyewe, tope halina. Ukilitafakari hilo, utaona kwamba swali la wapi pa kupanda mara nyingi hujibiwa na hofu ya kugombana na mwenye ardhi, na bahari haina habari na hofu yetu.

Sasa watoto. Unaniambia hawataki kwenda tena, na mimi nasema hao ndio wako tayari kujifunza. Wamefanya jambo, limeshindikana, na wanataka kujua kwa nini. Mtu mzima mwenye elimu ya kutosha angepewa fulana nyingine na kunyamaza. Usiwafundishe tabianchi ubaoni kwanza. Warudishe kwa ile miche iliyokufa, na muwe kama waganga wanaotafuta kilichoua.

Kila mche uliokufa una ushahidi wake. Ukiukuta umesimama wima, mweusi, na shina limejaa vile vikombe vidogo vigumu vyeupe ambavyo wavuvi hukwangua chini ya ngalawa zao, basi uliuawa na maji: ulikaa chini ya bahari muda mrefu mno. Ukikuta shimo tu, au mche umelala na mchanga umezolewa pembeni yake, hayo ni mawimbi, na tarehe 5 Juni iko katikati ya msimu wa upepo wa kusi, wakati bahari ina nguvu zake zote. Ukiona shina limekatwa shingoni, kama kwa wembe, huyo ni kaa. Majani yameliwa lakini shina lipo, tafuta kwato za mbuzi kwenye tope. Na ukikuta mche umesinyaa juu kabisa, kwenye ardhi yenye ukoko mweupe wa chumvi, basi huo ulikuwa na shida ya kinyume: maji hayaufikii vya kutosha. Wachimbe pia michache. Mara kadhaa nimefukua mche na kukuta kiriba cha nailoni hakijatolewa, mizizi imejizungusha ndani yake kama uzi kwenye kibiringo. Hilo halihitaji mtaalamu, linahitaji mtoto mmoja mwenye kidole.

Waandike hesabu: miche mingapi imekufa kwa sababu gani. Hapo umeshafundisha hisabati, sayansi na uraia kwa asubuhi moja, na aibu yao imegeuka kuwa kazi.

Baada ya hapo pimeni maji. Hii ndiyo sehemu ninayotaka msiiharakishe. Tafuteni msitu wa asili ulio karibu, hata kama ni kichaka kidogo kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na ndani yake mtafute mikoko michanga iliyoota yenyewe, ile iliyo chini kabisa kuelekea baharini lakini bado ina afya. Hapo chomekeni fimbo ndefu ya mwanzi, mita 3 hivi. Mwanzi tafadhali, si fito ya mkoko. Chomekeni nyingine pale miche yenu ilipokufa. Kila fimbo ifungwe chupa ndogo za dawa zisizo na vifuniko, midomo ikiangalia juu, moja kila sentimita 20 kuanzia usawa wa tope. Chagueni siku ya bamvua, bahari imetulia, isiyo na mvua. Maji yajae, yapwe, kisha watoto wakasome: chupa ya juu kabisa yenye maji iko wapi kwenye kila fimbo?

Mafundi ujenzi wana pimamaji ya kuonyesha kama ukuta uko sawa. Ninyi mna bahari nzima. Maji yakijaa na kusimama, uso wake uko sawasawa huku na kule, kwa hiyo tofauti ya kina kati ya fimbo mbili ni tofauti ya urefu wa ardhi. Kama msituni maji yalifika sentimita 100, na kwenye shamba lenu yalifika 220, basi mlipanda mita 1 na sentimita 20 chini ya mahali mkoko unapokubali kuishi. Mtoto wa darasa la tano anaifanya hesabu hiyo. Na akiifanya yeye, mgeni rasmi hataweza tena kumwambia apande pale.

Mwalikeni mzee yule aje siku hiyo. Sisemi aje kukaa kwenye kiti akishangiliwa. Aje awafundishe kuhesabu mwezi: siku gani bamvua linaanza, lini maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, kwa nini bamvua la mwezi wa tatu na la mwezi wa tisa hupanda juu kuliko mengine, zamani maji yalikuwa yanafika wapi kijijini na sasa yanafika wapi. Alete na mama wanaookota chaza na kukamata kaa. Wao wanajua kila hori kwa jina, na watawaambia pia jambo ambalo huwa halimo kwenye barua za miradi: kwamba tope lile tupu mlilolipanda si tupu hata kidogo, ndipo wanapopata kitoweo.

Kisha ndipo mtauliza swali la maana zaidi: kwa nini msitu haurudi wenyewe pale ulipokuwepo? Kwa upande wenu wa pwani ningeanza kuangalia mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Tuta lilijengwa, maji ya bahari yakazuiwa, mikoko ikafa au ikakatwa, biashara ikayumba, mwenye shamba akaondoka, tuta likabaki. Ardhi ndani yake iko kwenye usawa ule ule wa zamani, mahali pake hasa, ila maji hayaingii na hayatoki. Mara nyingi kufungua tuta sehemu mbili tatu, pale hori la zamani lilipopita, kunafanya kazi kubwa kuliko miche elfu kumi. Maji yakiingia yanasafisha chumvi na kuleta mbegu, bure. Kule Rufiji kisa ni tofauti kidogo: msitu ulikatwa kwa ajili ya mpunga, na baada ya miaka michache magugu na kaa vikamshinda mkulima akahamia kwingine. Kila mahali pana jeraha lake, na lazima mlijue la kwenu kabla ya kununua dawa.

Lakini tuta lina mwenyewe, na mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Msiende na majembe. Nendeni kwanza kwa serikali ya kijiji na kamati yake ya mazingira, kisha kwa ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wilayani, mkiwa na daftari la watoto mkononi. Nimeona maofisa waliokuwa wamechoka na barua za maombi wakiinua vichwa waliposhikishwa namba zilizopimwa na watoto wa kijiji chenyewe.

Ikitokea kwamba mahali panafaa, maji yanaingia vizuri, lakini hakuna miti mama karibu ya kuleta mbegu, hapo pandeni. Na mkipanda, ifuateni bahari ilivyojipanga. Majina ya aina za mikoko hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, ila kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa kuelekea baharini, mkoko wenye mizizi ya matao hukaa kando ya mahori, mkandaa uko nyuma yake, na mchu utauona mbele na nyuma pia, hadi mpakani na nchi kavu. Watu hupenda kupanda mkoko huo wa matao kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama mchi mwembamba, inashikika, na unaichomeka theluthi moja tu kwenye tope ukaondoka. Wepesi huo ndio unaotuponza. Okoteni zilizokomaa, zile ambazo shingo yake imegeuka manjano na zinaachia zenyewe ukizigusa, na zenye matundu ya wadudu mziache. Mia mbili zinatosha. Zihesabuni baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka.

Sasa nije kwenye tabianchi, maana umeniuliza uwaambie nini, na swali hilo ni zito kuliko la miche.

Waambie ukweli kwa kiasi chake. Kati ya mwaka 1901 na 2018 uso wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20, na kasi inaongezeka: katika miaka ya 2006 hadi 2018 ilikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Waonyeshe sentimita 20 kwenye fimbo yao, ni nafasi ya chupa moja hadi nyingine. Ndipo watauliza wenyewe: na ule mkoko ulio chini kabisa, siku bahari ikipanda chupa moja zaidi, utakwenda wapi? Jibu ni kwamba msitu wenye afya hukusanya tope kwenye mizizi yake na kujiinua, au hurudi nyuma kuelekea nchi kavu, mradi tu usikute tuta, ukuta au barabara. Mvua nazo zimo. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukazika mizizi ya mikoko katika hori la Mwache, Mombasa, na msitu mkubwa ukafa umesimama. Kwa hiyo mkulima wa mlimani na mvuvi wa pwani wako kwenye somo moja.

Halafu mchimbue tope kidogo msituni, kina cha mkono mpaka kiwiko. Waache wanuse. Ile harufu ya yai viza ndiyo somo lenyewe: humo ndani hakuna hewa, kwa hiyo mizizi na majani yaliyofukiwa hayaozi upesi kama shambani. Watavuta nyuzi za mizizi ya zamani zikiwa bado zinatambulika. Kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani imelala humo kwa miaka na miaka. Ndiyo maana eneo la mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara 3 hadi 5 kuliko eneo kama hilo la msitu wa tropiki wa nchi kavu, na sehemu kubwa yake iko topeni, haiko kwenye mti tunaouona. Ukikata mti na kulichimbua tope, unaifungulia mlango.

Na jambo moja nakuomba sana, Mwalimu. Usiwafanye watoto waone kwamba dunia imechafuka kwa sababu mama zao wanapikia kuni. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtoto wa Mkinga hajasababisha bahari kupanda, ila ndiye itakayemgongea mlango. Akifundishwa hatia atachoka na kujitenga. Akifundishwa kupima, atakuwa shahidi, na siku moja atasimama kwenye mkutano wa kijiji akiwa na namba za miaka kumi ambazo hakuna mgeni aliye nazo. Mimi hiyo ndiyo naiita elimu ya tabianchi, na inaniuma kuona tunaibadilisha kwa fulana.

Watu watawauliza kuhusu fedha za kaboni, yaani malipo ya kulinda msitu unaohifadhi kaboni, hasa kwa kuwa majirani zenu wako hapo ng'ambo ya mpaka. Ni kweli. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, Kenya, wana mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013 na kupata Tuzo ya Equator mwaka 2017. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa mradi wenye hekta 460. Fedha za Gazi zimeingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule, na wanakijiji ndio huamua kwenye mikutano zitumike wapi. Lakini tazameni kwa makini. Kati ya hekta 117 za Mikoko Pamoja, karibu zote ni msitu wa asili uliokuwepo na ambao wamekubaliana kuulinda. Uliopandwa ni hekta 10 hivi. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, walikuwa wameshakaa Gazi wakipanda na kupima tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya msitu ule kukatwa miaka ya 1970 kuwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Miaka ishirini hivi ya kupima ndipo fedha ikaja. Na walipanda mivinje nchi kavu ili watu wapate boriti na kuni bila kugusa mikoko, kwa sababu nyumba haisimami kwa marufuku. Kwetu biashara hii ina kanuni zake za mwaka 2022 na kituo cha taifa cha kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Akija mtu na mkataba na kalamu kabla hajapita huko, mkaribisheni chai, msisaini.

Mfadhili wenu msimfukuze. Mwandikieni kwamba mnaomba badala ya miche: buti za mpira jozi thelathini, kamba, daftari zisizolowa, posho ya mzee na mama wawili watakaofundisha, miche ya mivinje kwa ajili ya kuni za kijiji, na gharama ya kufungua tuta kama TFS na mwenye shamba watakubali. Mwambieni pia kwamba ripoti yenu itahesabu mikoko iliyo hai mwaka wa tatu, iwe ilipandwa na mtoto au ilijipanda. Wapo wafadhili wanaoelewa wakielezwa hivyo.

Ile miche 31 iliyobaki msiiache hivihivi. Kapimeni kila mmoja umesimama wapi. Naweka dau kwamba mingi iko upande wa juu, karibu na mdomo wa hori, na pengine mingine mnayoihesabu hamkuipanda ninyi. Angalieni kama iko kwenye mistari. Mkishapata usomaji wa fimbo za bamvua mbili, niandikieni namba zenyewe, za msituni na za shambani kwenu, pamoja na tarehe ya mwezi alivyoihesabu mzee, nami nitakaa nazo tuone kwa pamoja hatua inayofuata.